Kabla ya Tonge la Mwisho

Nilikana kwa muda mrefu, tena nilikana kwa maneno mazuri, lakini ukweli ni huu: riwaya ile sikuimaliza kwa sababu niliogopa. Padri aliyeniazima nilimwambia kwamba Kifaransa chake kilinichosha. Kwenye makala moja niliandika kwamba kuna vitabu ambavyo mtu huviacha bila kuvimaliza ili viendelee kuishi kichwani mwake, sentensi ambayo nikiikumbuka leo natamani kujifunika kitenge usoni. Mtu mzima, mwenye miwani na shahada ya fasihi kutoka Bukavu, niliogopa karatasi.

Msomi mwoga hawezi kusema tu kwamba anaogopa, basi nikajitengenezea nadharia. Nilisema filamu zinaharibu riwaya. Nilisema hivyo mbele ya wanafunzi, mbele ya wageni, na hata mbele ya watu waliokuja kwangu kuomba chumvi. Nadharia yenyewe haikuwa mbaya. Lakini chini yake kulikuwa na jambo dogo ambalo sikulisema: kitabu kinakuruhusu usimame. Unatia kidole kati ya kurasa, unafunga, unaenda kuangalia sombe, majani ya mihogo, jikoni, na watu wa kitabuni wanabaki walivyo, mguu juu, mpaka urudi. Filamu haimngoji mtu. Ukifumba macho, yenyewe inaendelea.

Riwaya yenyewe ilitoka nchi ya baridi. Msichana mmoja, mkunga, anatumwa kufanya kazi kijiji cha ng'ambo ya mto. Huko mito huganda wakati wa baridi hadi watu na farasi wanapita juu yake. Mama yake anabaki nyumbani. Ndiyo hadithi yote, ukiondoa kurasa nyingi sana za hali ya hewa.

Nilikuwa naisomea kwa jirani yangu, hapa Baraka, kando ya ziwa. Yeye anauza ndagala, na mchana kunapokuwa na samaki wengi wanawake wa mtaa wanakusanyika uani kwake kuwachambua, wakitoa mchanga na takataka za ziwani. Mimi sikukaa pale kwa kazi. Mikono yangu, nimeshaambiwa, inafaa kushika chaki tu. Nilikaa kwa sababu ya kivuli na mazungumzo. Siku moja nikacheka peke yangu juu ya kitabu, na jirani akaniuliza:

"Madamu, hiyo kitabu inakuambia nini mpaka unacheka peke yako kama mulevi?"

Nikawaambia. Kesho yake wakataka nianze pale nilipoachia. Hivyo nikawa nasoma Kifaransa kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo, nikiruka hali ya hewa.

Mto ndio uliotusumbua kwanza.

"Inakauka?" aliuliza mama mmoja aliyekimbia kutoka Burundi, ambaye sasa analima mihogo upande wa Lweba na kuja kusaidia samaki wakizidi.

"Haikauke. Maji inakuwa nguvu, kama barafu ya ndani ya frigo."

"Na samaki?"

"Beko chini, banaogelea."

"Maskini," alisema, akawatazama ndagala waliokuwa kiganjani mwake kama anayewaomba radhi.

"Madamu anatudanganya," alisema jirani. "Baba yangu alivua hii ziwa maisha yake yote, hakuna siku alitembea juu yake. Hata ule mutume alijaribu, akazama."

Lakini walimkubali msichana haraka kuliko walivyoukubali mto. Walimwita mutoto wetu. Walimkasirikia alipokataa kuolewa, kisha walipomwona mchumba vizuri wakamsamehe. Jioni tukiachana waliulizana atakula nini huko, kana kwamba angepita njia ya sokoni.

Tukafika mahali ambapo msichana ameitwa kwa mama anayeumwa uchungu ng'ambo. Baridi inaelekea kwisha, na barafu ya mto imeanza kutoa sauti. Msichana anachuchumaa ukingoni, anafunga kamba za viatu. Mchana huohuo binti yangu, ambaye ni muuguzi na ndiye mtoto pekee niliye naye, aliteremka kutoka Fizi na habari kwamba amepangiwa kituo cha afya cha Kilembwe, mbali huko milimani.

Nilimpongeza. Nilipiga vigelegele, vibaya kidogo. Kisha nikaingia chumbani, nikaweka kipande cha kitenge mahali tulipofikia, nikafunga kitabu.

Sitajitetea. Nilikuwa na hesabu yangu ya kichwani: maadamu yule wa kitabuni bado anafunga viatu, wangu naye hataguswa na kitu. Ningemkuta mwanafunzi wangu na imani ya namna hiyo ningemwandikia maneno makali kwa wino mwekundu.

Wanawake niliwaambia nimekosa muda.

"Muda?" alisema jirani. "Madamu, we unakosa muda ya kukaa?"

Wakangoja. Kila mara waliuliza kama mutoto wetu ameshavuka, nami kila mara nikasema bado.

"Iko anafunga viatu mpaka leo? Hizo viatu ni za nani, za askari?"

Binti yangu akajiandaa kwa safari. Nilimpangia mfuko mimi mwenyewe, na tukagombana juu ya ndagala.

"Mama, usiweke samaki pamoja na bluzi yangu." Bluzi ni lile vazi jeupe la kazi, alikuwa amelifua na kulipiga pasi mara mbili.

"Nimebafunga muzuri."

"Mama."

"Kilembwe hakuna ziwa. Utakula nini?"

Alinitazama kama watoto wanavyowatazama wazazi ambao wameamua kuwavumilia. Ndagala wakabaki mfukoni. Asubuhi pikipiki ikamchukua, mfuko umefungwa nyuma kwa mpira, na mvua imeanza kukusanyika juu ya milima.

Alinipigia kutoka Fizi. Akanipigia tena kutoka Lubondja.

"Mama, kuko mto hapa mbele, maji imepanda. Daraja haiko muzuri. Batu banavuka kwa miguu, tunaangalia. Usiogope."

Kisha rezo, mtandao wa simu, ikakatika.

Nilibaki nimeishika simu. Mto. Kati ya vitu vyote ambavyo barabara ile ingeweza kumwekea mbele, ikamwekea mto. Nilijaribu kucheka, kwa sababu ndivyo ninavyofanya, na sauti iliyotoka ilimfanya kuku aliyekuwa mlangoni aondoke.

Siku zikapita bila rezo. Nilipiga, na mwanamke yule wa kwenye mashine akanijibu kwa upole uleule kwamba namba haipatikani. Sokoni nilimuuliza kila aliyetoka juu. Mmoja alisema ni mvua tu. Mwingine alisema huko mbele watu wamekimbilia porini, lakini hakujua ni kwa nini, wala siku gani, wala kama ni barabara hiyo. Nilianza kuwaogopa watu wenye habari na kuwaogopa zaidi wasiokuwa nazo. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na nyumba, nilitoka mlangoni. Ikipita, nilibaki palepale.

Ndipo bwana wa nyumba ya video akapata filamu.

Nyumba yake ni ile ya mabati karibu na soko, mwanga wa jua umezibwa kwa mablanketi. Filamu zinakuja kwa lugha yoyote, na yeye anasimama kando ya televisheni na mikrofoni, anawatafsiria watazamaji, anawagombeza wabaya, na mahali palipo kimya anaongeza vyake. Alikuwa amesikia habari za kitabu changu; mtaa mzima ulikuwa umezisikia. Sijui alivyoipata filamu iliyotokana nacho, ila alipita barabarani na kipaza sauti chake akitangaza:

"Jumapili, misa ikiisha, ibada ikiisha! Ile kitabu ya Madamu, sasa iko na picha! Mutoto wa Madamu atavuka mto! Kuyeni muone na macho yenu!"

Nilitoka mbio, kandambili moja mguuni.

"Baba, tafadhali. Usiseme mutoto wa Madamu."

"Lakini Madamu, hiyo njo inaleta batu."

"Sema tu mutoto wa kitabu."

"Mutoto wa kitabu haileti hata mutu moja." Kisha akashusha kipaza sauti, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Mi nilisha iona yote. Nikuambie?"

"Hapana!"

Nilirudi ndani haraka kuliko nilivyotoka. Siku zilizobaki nilienda sokoni kwa kuzunguka nyuma, kwa mwendo mrefu, ili nisipite mbele ya mabati yale. Nilikuwa na nadharia yangu, kumbuka: filamu zinaharibu riwaya. Jirani aliponialika twende pamoja nilimpa nadharia yote, pamoja na mifano.

"Sawa," alisema. "Sisi tutaenda kuiharibu."

Jumapili nilisali, nikarudi, nikapika bukari, ugali wetu wa mihogo, na sombe kwa mazoea. Sikula. Niliketi kwenye kizingiti nikaitazama simu, iliyokuwa imechajiwa hadi mwisho na haina la kusema.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa kwetu analijua tayari. Kwetu habari ya kifo haipigwi simu. Simu ni ya kusema nimefika, nitumie hiki, mtoto amezaliwa. Habari mbaya inakuja kwa miguu. Watu wanajikusanya kwanza mahali pengine, wanakubaliana nani ataongea, halafu wanaingia uani kwako taratibu, bila kelele, na hawasemi kitu. Mmoja anaepua chungu chako motoni. Mwingine anashika ufagio. Wanakuketisha. Na kabla ya lolote wanahakikisha umekula, kwa kuwa wanajua kwamba ukishaambiwa hutakula tena, na una kazi kubwa ya kulia mbele yako. Mimi mwenyewe nimekwenda kwa watu hivyo. Nimewahi kushika ufagio ule.

Kwa hiyo nilipoinua macho nikawaona wanaingia, nilijua.

Walikuja wanawake wote wa samaki, kwa vitenge vya Jumapili, jirani mbele na mkeka chini ya kwapa. Hakuna aliyecheka wala aliyenitania. Mama wa Burundi alikuwa na macho mekundu. Walinisalimu kwa sauti ya chini, jirani akatandika mkeka, na mwenzake mmoja akaenda jikoni akaepua sufuria ya maji. Halafu nikasikia ufagio.

Anayesoma hapa ameshaelewa walikuwa wanatoka wapi. Mimi, mwenye shahada ya fasihi, sikuelewa. Nilisahau Jumapili, nikasahau mabati, nikasahau kwamba kulikuwa na filamu duniani. Niliona barabara ya Kilembwe, na maji.

"Ukae, Madamu," alisema jirani.

Nilikuwa nimekaa. Nikasogea kwenye mkeka.

"Ulisha kula?"

Sijawahi kuulizwa swali baya kama hilo. Ningesema ndiyo, wangeniambia saa ileile.

"Bado," nilisema.

"Basi ule kwanza."

Waliniletea bukari yangu mwenyewe kwenye sahani yangu mwenyewe, wakaninawisha mikono kama mgonjwa. Na mimi nikala. Nilielewa kwamba maadamu nakula, hawawezi kusema. Maadamu kuna kitu sahanini, binti yangu bado amesimama ukingoni anaangalia watu wanavyovuka. Nikamega tonge dogo, nikalichovya, nikalitafuna mpaka likawa maji. Nikamega lingine, dogo zaidi. Bukari ilikuwa imepoa na sombe halikuwa na ladha yoyote. Niliwaza kuhusu viatu vyake, vile vyeupe vya kazi, kama alivivaa au alivibeba mkononi. Niliwaza kwamba sikumwambia kitu cha maana alipoondoka, nilibishana naye juu ya samaki. Nikamega.

Wao walikuwa wanatazamana. Nilipomeza, mmoja alihema. Nilipoona hivyo machozi yakanitoka, nikaendelea kutafuna huku yakiteremka, na mama wa Burundi akaanza kulia naye, kwa sauti, akijifunika mdomo kwa kitenge. Alikuja kuniambia baadaye kwamba ana watu wake aliowaacha njiani na ambao hakuwahi kupata mahali pa kuwakalia matanga. Wakati ule nilisikia kilio tu, na kwangu kilikuwa ushahidi. Mwanamke jikoni alipokisikia akaacha ufagio ukaanguka. Watoto wakasimama barabarani. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akavua kofia.

"Polepole, Madamu," alisema jirani, na sauti yake nayo ilikuwa inatetemeka. "Ule yote. Halafu tutaongea."

Sahanini lilibaki tonge moja. Niligundua kwamba mtu akitaka anaweza kulimega tonge moja mara nyingi sana, lakini kuna mwisho. Nilikuwa nimelishika, nimelizungusha vidoleni mpaka limekuwa duara kamili, kama watoto wanavyofanya, na sikuwa na nguvu ya kulipeleka mdomoni.

Simu ikalia.

Ilikuwa kwenye kizingiti, na namba sikuijua. Kwa akili ya kawaida ningejua kwamba kifo hakipigi simu. Lakini waliokuja kwa miguu walikuwa tayari wamekaa uani kwangu, na sikuweza kunyoosha mkono. Jirani akaiokota, akaifungulia sauti kubwa, kwa maana yeye simu ya sikioni haiamini.

"Alo? Ni nani?"

"Ni mimi, mama mukubwa. Mama iko wapi?"

Sauti ya binti yangu. Ilikuwa na mchanga wa rezo mbaya, lakini ilikuwa yake, na ilikuwa na haraka yake.

"Iko hapa," alisema jirani bila mshangao wowote. "Iko anakula."

"Anakula? Saa hii? Na nani analia?"

"Tulimulazimisha. Tulikuja kumupa pole ya ule mutoto wa kitabu. Alizama, mwanangu. Barafu ilipasuka, tulimuona na macho yetu. Tukasema mama yako hataweza kusikia habari kama hiyo kwa kipaza sauti, na we uko barabarani. Heri tuje tukae naye kwanza."

"Ule?" alisema binti yangu. "Mi nilisha soma zamani, mama akiwa sokoni. Nilianza na mwisho."

Alianza na mwisho. Tangu utotoni ninamgombeza kwa tabia hiyo.

Jirani alinigeukia anipe simu, akauona uso wangu. Akaitazama sahani. Akalitazama lile tonge mkononi mwangu, kisha akauliza polepole kuliko nilivyowahi kumsikia:

"Madamu. We ulifikiri tulikuja juu ya nani?"

Mama wa Burundi akaacha kulia ghafla, akatamka jina la Mungu.

"Mama?" ilisema simu. "Uko unasikia? Daraja ilibebwa na maji. Tulilala kwa batu ya kanisa mpaka mto ikashuka, na simu yangu iliingia maji. Nimefika. Hii ni simu ya mukubwa wa kituo, siwezi kuongea mingi. Lakini mama!"

"Nini?" Lilikuwa neno la kwanza nililotoa tangu niseme bado.

"Bluzi. Si nilikuambia? Kituo yote inanuka ndagala. Mugonjwa wa kwanza ameniuliza kama nauzisha kwa kopo ao kwa kilo."